Flack 0.2(9): je, niandike R au S?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili ya kemia. Kwenye mizizi ya mti mmoja wa dawa nimepata daiterpeni (kampaundi ya asili iliyojengwa kwa kaboni 20) yenye fomula C20H28O4. Moja ya oksijeni zake ni kundi la OH lililoshika kaboni yenye haidrojeni moja. Baada ya miezi mitatu ya kuhangaika ikanipa fuwele, msimamizi wangu akazituma maabara ya nje, wakazipima kwa eksirei za molibdeni. Ripoti imerudi na picha safi ya molekuli, vituo vyote vitano vyenye mkono, yaani kaboni ambazo makundi yake yanaweza kupangika kikulia au kikushoto, vimeandikwa R na S, majina ya mikono hiyo miwili, ila chini kuna mstari unaosema kigezo cha Flack, namba inayopima kama mkono uliochorwa ndio wa kweli, ni 0.2(9). Msimamizi anasema fuwele ni ushahidi wa mwisho, niandike kama ilivyo. Mwenzangu wa maabara anasema 0.2 iko karibu na sifuri, kwa hiyo tuko salama. Je, ninaweza kuandika mkono halisi wa molekuli yangu kwenye tasnifu? Kama siwezi, nifanye nini na miligramu 11 zilizobaki?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiandike. Bado.

Nianze na ulicho nacho mkononi, maana si kidogo. Vituo vitano vyenye mkono vinaweza kupangika kwa njia 32. Fuwele yako imefuta njia 30 kwa mkupuo mmoja, na hizo hazirudi tena. Zimebaki mbili: molekuli iliyochorwa kwenye ripoti, na pacha wake wa kioo, ambaye kila R yake ni S na kila S ni R. Swali lako lote liko kati ya hao wawili. Ni kama ndala. Mtu akikuonyesha picha ya ndala moja utaona kanda, utaona tundu, utaona kisigino kilicholika upande, na utaweza kuieleza ndala hiyo mpaka mwisho. Lakini kama picha ilisafishwa huku filamu imegeuzwa, utasema ni ya kushoto kumbe ni ya kulia, na ndani ya picha yenyewe hakuna cha kukuonya.

Sasa hizo R na S za kwenye ripoti zilitoka wapi? Programu ya kutegua fuwele huanza kwa kubahatisha, halafu hunoa ubahatishaji wake mpaka atomi zionekane. Kwa fuwele kama yako, pacha mmoja huibuka na mwingine hubaki gizani, na aliyeibuka hakuchaguliwa na ushahidi wowote. Kisha programu nyingine inasoma mchoro huo na kuandika R au S kwa uaminifu wa karani: amepewa karatasi, amenakili alichokiona. Kazi hiyohiyo ikirudiwa kesho kwa kuanzia namba nyingine za bahati, anaweza kutoka pacha wa pili, na picha itapendeza vilevile. Ndiyo sababu picha nzuri hainitishi, na isikutishe wewe.

Kwa nini eksirei hazioni tofauti? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa hili utaelewa mengine yote bila kukariri.

Fikiria wapiga ngoma wawili ufukweni. Wamesimama mbalimbali, wanapiga kwa mpigo mmoja. Ukisimama kaskazini yao, ngoma ya aliye karibu inakufikia kwanza, ya mwenzake inafuata. Ukihamia kusini, wa kwanza anakuwa wa pili. Lakini pengo kati ya sauti mbili ni lilelile, na sauti hizo zikichanganyika nguvu yake ni ileile. Kipokezi cha eksirei kinapima nguvu tu. Hakina sikio la kujua nani alitangulia. Georges Friedel aliliweka hili katika sheria mwaka 1913: kati ya madoa ambayo eksirei zilizotawanywa na fuwele huacha kwenye kipokezi, doa la upande huu na doa la upande wa nyuma yake, jozi ya Friedel, yana nguvu sawa. Chini ya sheria hiyo, kulia na kushoto ni kitu kimoja.

Sasa mpe mpiga ngoma mmoja uvivu kidogo. Kila mpigo anachelewa. Ukiwa kaskazini, uchelewaji wake unajumlishwa na ule wa umbali. Ukiwa kusini, unapunguzwa. Nguvu za pande mbili hazilingani tena, na ukijua upande gani umezidi, unajua mvivu amesimama wapi. Atomi hufanya hivyo pale eksirei inapokuwa na nishati ya kutosha kuzing'oa elektroni zake za ndani. Inameza kidogo, na wimbi linalotoka linakuwa limechelewa. Lakini kuna sharti ambalo vitabu vingi hulipita mbio: lazima wachelewe kwa viwango tofauti. Wapiga ngoma wote wakichelewa sawasawa, tofauti inakufa na tumerudi kwa Friedel. Molekuli ya kaboni na oksijeni tupu iko karibu sana na hali hiyo.

Watu walingoja muda mrefu kabla ya kuutumia uvivu huu. Mwaka 1848 Louis Pasteur alikaa na koleo akitenganisha fuwele za chumvi ya sodiamu na amonia ya asidi ya tartari, hizi huku na hizi kule, kwa kutazama tu pembe zilizokatwa zilielekea upande gani. Alibahatika pia na baridi ya Paris: chumvi hiyo ikifuweleka juu ya nyuzi 27 hivi, mapacha wote wawili huingia ndani ya fuwele moja na hakuna cha kutenganisha. Dar es Salaam bila friji asingeona kitu. Lakini hata Pasteur alijua tu kwamba mikono ni miwili. Ipi ni ipi katika nafasi, atomi gani iko juu na gani iko chini, hakuwa na njia ya kujua. Mwaka 1891 Emil Fischer alipotaka kuchora sukari kwenye karatasi alikuta ukuta uleule, akachagua upande mmoja kwa makubaliano tu na kuendelea na kazi. Kwa miaka 60 kemia yote ya sukari na amino asidi ilisimama juu ya kura hiyo ya sarafu.

Aliyeifunua sarafu ni Johannes Bijvoet, pamoja na Peerdeman na van Bommel, mjini Utrecht mwaka 1951. Walirudi kwenye asidi ya tartari, ile inayokukunja uso ukionja ukwaju. Waliifanya chumvi ya sodiamu na rubidi, wakaipiga kwa eksirei za zirkoni. Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha: nishati ya eksirei za zirkoni imezidi kidogo tu ile inayotosha kung'oa elektroni ya ndani kabisa ya rubidi. Rubidi ikawa mpiga ngoma mvivu, na nguvu za madoa ya pande mbili zikatofautiana kiasi cha kuonekana. Fischer alikuwa amepatia. Angekosea, kila kitabu cha biokemia duniani kingegeuzwa kama shati lililovaliwa ndani nje.

Turudi kwenye ripoti yako, sasa kwa namba. Kiasi cha uchelewaji huu huandikwa kwa kipimo cha elektroni. Kwa eksirei za molibdeni, zenye urefu wa wimbi wa angstromu 0.71, kaboni inachelewesha kwa kama 0.002 na oksijeni kwa 0.006. Oksijeni nzima ina elektroni 8, kwa hiyo unatafuta mnong'ono sokoni. Kwa eksirei za shaba, zenye angstromu 1.54, oksijeni inapanda hadi 0.03 na kaboni hadi 0.009. Ni mara tano zaidi, lakini bado ni mnong'ono. Salfa kwa shaba ni 0.56, klorini 0.70. Bromini kwa shaba ni 1.28, na kwa molibdeni, tazama hapa vizuri, ni 2.46. Mashine ileile iliyokunyima jibu kwa oksijeni ingekupa jibu la kelele kwa bromini.

Kigezo cha Flack ndicho kinachopima kama mnong'ono umesikika. Howard Flack wa Geneva alikipendekeza mwaka 1983. Maana yake ni nyepesi: ni sehemu gani ya fuwele yako iko kinyume na mchoro. Sifuri, mchoro ni sahihi. Moja, mchoro umegeuka. Mwenzako amesoma namba ya kwanza, ilhali mabano ndiyo yanayosomwa kwanza, kwa sababu yanaeleza shaka iliyopo katika tarakimu ya mwisho. 0.2(9) ni 0.2 kujumlisha au kutoa 0.9. Ni popote kati ya −0.7 na 1.1, na hapo nimehesabu kosa la kawaida la kitakwimu mara moja tu. Ndani ya upana huo sifuri imo, moja imo, nusu imo. Fuwele imekuambia "sijui" kwa lugha ya heshima.

Flack na Bernardinelli waliweka kizingiti mwaka 2000 ambacho wengi tunakifuata hadi leo: shaka iwe chini ya 0.04. Ukiwa na ushahidi mwingine kwamba sampuli ni ya mkono mmoja tu, inaruhusiwa kufika 0.10. Kwa hiyo 0.03(5) pamoja na polarimita, kifaa kinachopima jinsi sampuli inavyozungusha mwanga, ni jibu. 0.97(5) pia ni jibu: geuza mchoro, endesha upya, lala usingizi. 0.48(3) ni jibu vilevile ingawa wanafunzi hulilia. Linasema fuwele yenyewe imejengwa kwa vipande vya mapacha wote wawili. Kinachotisha ni mabano makubwa, hata namba ya mbele ikipendeza vipi. Usimbishie msimamizi wako kwa maneno. Mwekee mstari huo mezani, mwonyeshe mabano, naye atajua la kusema.

Je, ni haki kuhangaika hivi kwa ajili ya kulia na kushoto? Nenda jikoni. Molekuli moja, karvoni, kwa mkono mmoja inanukia nanaa na kwa mkono mwingine kisibiti. Pua yako inayaona mapacha ambayo molibdeni haiyaoni. Au nenda kwa watu wa Ziwa Victoria wanaotibiwa kichocho. Kidonge cha kawaida cha prazikwanteli ni mchanganyiko wa R na S nusu kwa nusu. R ndiyo inayoua minyoo. S karibu haina kazi, na inaongeza uchungu mdomoni. Ndiyo maana dawa mpya ya watoto wadogo, iliyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire na kupata maoni mazuri ya wadhibiti wa dawa wa Ulaya Desemba 2023, imebeba R peke yake. Mtu akiisoma tasnifu yako miaka kumi ijayo na kutaka kuitengeneza molekuli yako maabara, mkono utakaouandika ndio atakaoufuata.

Sasa zile miligramu 11.

Kabla hujazigusa, waandikie waliokupimia uwaulize kama kuna fuwele iliyobaki na kama wana mashine ya shaba. Kipimo cha shaba kwenye baridi ya kelvini 100, madoa yote ya pande mbili yakipimwa tena na tena, kinaweza kuishusha shaka hadi 0.1 hivi kwa molekuli yenye oksijeni za kutosha. Kwa hesabu watumie njia ya mgawanyo ya Parsons ya mwaka 2013, ambayo hulinganisha jozi za madoa moja kwa moja badala ya kunoa kila kitu pamoja. Artemisinini, ile ya mmea unaolimwa hata kwetu Afrika Mashariki, ni C15H22O5, na wanasayansi wa China walisoma mkono wake kwa uchelewaji wa oksijeni tupu. Lakini wao walikuwa na oksijeni 5 kwa kaboni 15. Wewe una 4 kwa 20, na mambo yanakuwa magumu kwa uwiano huo. Jaribu, haikugharimu sampuli. Usiweke tasnifu rehani kwa jaribio hilo.

Kama ningekuwa mimi ningeweka bromini. OH yako iko kwenye kaboni yenye haidrojeni moja, ambayo ni bahati kubwa, kwa sababu OH ya namna hiyo inakubali kufungwa esta bila ugomvi. Pima miligramu 3, sawa na maikromoli 9. Yeyusha kwenye piridini kavu, matone machache, ongeza miligramu 6 za kloridi ya 4-bromobenzoili, ambazo ni kama mara tatu ya moli zako, na chembe ya DMAP, kichocheo cha kufunga esta. Acha usiku kucha. Ikikamilika yote utakuwa na miligramu 4.6 za esta, lakini haikamiliki yote, na ukipata 3 baada ya kuisafisha kwa kolamu shukuru. Hizo zinatosha kabisa, maana fuwele moja ya kupimwa haizidi sehemu chache za kumi za milimita.

Kuna faida ya pili ambayo watu huisahau: kundi la bromobenzoili ni bapa na gumu, na molekuli nyingi zilizokataa kufuweleka zenyewe hukubali likiwekwa. Lakini fuwele hazipendi haraka wala joto la pwani. Dikloromethani inachemka kwenye nyuzi 40. Mchana wa Februari itakukimbia ndani ya saa mbili na kukuachia ngozi ya ukoko kwenye kichupa. Tumia ethaili asetati. Yeyusha esta katika kichupa kidogo cha mililita 2, kiwazi, kisha kiweke ndani ya chupa kubwa yenye heksani kiasi cha vidole viwili, na ufunge chupa kubwa. Mvuke wa heksani utaingia polepole kwenye kichupa, esta itakosa pa kujificha, na siku ya tatu au ya nne utaona kitu kinang'aa ukutani kuelekea dirishani. Usitikise. Usiweke juu ya friji, maana kishindo cha kompresa kila umeme unaporudi kinatosha kukupa vumbi la sindano badala ya vipande vinne vya maana. Mimi huweka kwenye droo ya chini ya meza, juu ya kitambaa, na ninaandika kwenye karatasi tarehe ambayo naruhusiwa kufungua.

Kuna ujanja mdogo pia. Atomi nzito si lazima ifungwe kwenye molekuli yako. Ikikaa ndani ya fuwele ileile inatosha, kwa sababu fuwele nzima hugeuka pamoja. Wakati mwingine dikloromethani au kloroformu hunaswa kati ya molekuli wakati fuwele inakua, na klorini zake huimba kwa niaba yako. Nimeona hilo likiokoa kazi. Lakini huwezi kuliagiza, na viyeyushi hivyo hupenda kuyumbayumba ndani ya fuwele kiasi cha kuififisha ishara.

Njia nyingine haihitaji uvivu wa atomi hata kidogo: mfuweleshe mgeni na mwenyeji unayemjua. Mwaka 2016 watafiti walichapisha jinsi walivyoitenganisha prazikwanteli kwa kuifuwelesha pamoja na asidi ya L-maliki, asidi ya kwenye matufaha, ambayo mkono wake unajulikana tangu zamani. Fuwele ikiwa na wote wawili, huhitaji kuuliza Flack; unamtazama L-maliki, unahakikisha amechorwa kwa mkono wake wa kweli, na mgeni aliye pembeni yake anajulikana hapohapo. Ni kama kuwa na ndala ya pili kwenye picha ambayo unajua hakika ni ya kulia. Chumvi za kwinini hufanya kazi hiyohiyo kwa asidi, na kwinini ni kitu ambacho ndugu zetu wa Bukavu wamekikamua kwenye magamba ya miti kwa miongo mingi. Kwako wewe, daiterpeni isiyo asidi wala besi, kumpata mwenyeji anayekubali kukaa naye kunaweza kula miezi. Bromini kwanza.

Kitu kimoja nakuomba usikiruke. Nilipokuwa kijana katika maabara moja nilipewa sampuli ya mchanganyiko ambao haukuwa safi kwa mkono: sehemu 9 kwa 1 hivi. Zikatoka fuwele za mwanzo, nzuri kama chumvi ya mawe, nikachagua iliyo nzuri kuliko zote, nikapima, na muundo ukatoka wenye mapacha wote wawili ndani yake, kwenye kundi lenye kitovu cha ugeuzi. Yaani fuwele ambayo kwa maumbile yake haiwezi kuwa na mkono. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe ile sehemu moja ya pacha mchache ilikuwa imejifunga na sehemu moja ya pacha mwingi, na pamoja walikuwa wagumu kuyeyuka kuliko sampuli safi, ndiyo maana walitangulia. Fuwele nzuri ya kwanza inaweza kuwa msemaji wa wachache. Tangu siku hiyo, fuwele ikishapimwa nayeyusha wenzake wa kichupa kilekile na kuwapitisha kwenye polarimita, au kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha kampaundi, yenye kolamu ya kairali inayotenga mapacha kama ipo, na ninalinganisha na sampuli asilia. Bila hatua hiyo unajua mkono wa fuwele moja, hujui mkono wa mti.

Na kwa kuwa una OH ya namna ile, tafuta shahidi wa pili asiyetoka kwenye fuwele. Esta za Mosher, ambapo OH yako hufungwa na kitendanishi ambacho mkono wake unajulikana, kila mkono kwa zamu, kisha esta mbili zikalinganishwa, zinahitaji miligramu 1 kwa kila mkono wa kitendanishi, na NMR (kipimo cha mwitikio wa viini vya atomi kwenye sumaku) ya maabara yenu inatosha. Zitakuambia mkono wa kaboni ile moja tu. Lakini fuwele imeshakufungia vituo vitano pamoja, kwa hiyo ukikijua kimoja umevijua vyote. Hapo ndipo kipimo chako cha molibdeni, ambacho leo kinaonekana kama hasara, kinalipa. Hesabu: 3 za bromini, 2 za Mosher, unabaki na 6, na za polarimita hurudi kwenye kichupa.

Utasikia pia habari za sponji ya fuwele, ambapo molekuli yako hulowekwa ndani ya fuwele yenye vitundu na hivyo huhitaji kuifuwelesha yenyewe. Ni kazi ya kundi la Makoto Fujita wa Japani, ilitoka mwaka 2013 kwa kishindo, na mwaka huohuo ikalazimika kusahihishwa kwa sababu kituo kimoja cha miyakosini A kilisomwa kinyume. Njia imekomaa tangu hapo, ila nakutajia ujue kwamba hata wakubwa huteleza hapa hapa unaposimama. Kwa punje ambazo ni ndogo mno hata kwa eksirei, mtawanyiko wa elektroni umeonyesha tangu 2019 kwamba unaweza kusoma mkono. Maabara za kufanya hivyo bado ni za kuhesabu.

Usikubali kutegemea undugu wa mimea peke yake. Mtu atakuambia daiterpeni za jamii hii zote ni za mkono fulani. Daiterpeni ndizo hasa zisizoaminika kwa hilo: mimea hutengeneza misururu miwili, wa kawaida na pacha wake wa kioo unaoandikwa ent-, na wakati mwingine miti miwili ya ukoo mmoja hutofautiana.

Kwa sasa, kama tarehe ya kuwasilisha iko karibu, andika ulichothibitisha. Sema muundo na uhusiano wa vituo vitano umepatikana kwa fuwele, chora pacha mmoja, weka rel-, alama ya kwamba ni uhusiano tu unaojulikana, mbele ya R na S zako, na utaje Flack pamoja na mabano yake bila kuyaficha. Mtahini anayejua kazi ataheshimu sentensi hiyo. Asiyejua hataiona.

Na ukituma esta, usizichuje fuwele wala kuzikausha. Zikikaa kavu njiani, zile zilizonasa kiyeyushi zitageuka unga mweupe kabla ya kufika uwanja wa ndege. Ziache ndani ya kiyeyushi chake, jaza kichupa mpaka shingoni ili zisigongane, zungushia kifuniko ule mkanda mweupe wa mafundi bomba, na nje uandike kwa kalamu isiyofutika: kuna bromini, hifadhini jozi za Friedel.